Saa Nane Usiku

Tulikuwa sita, na mfumo wetu wa ankara za maji ulikuwa umeandikwa kwa PHP. Kila mwisho wa mwezi, wateja walipolipa kwa simu kwa pamoja, seva ilielemewa. Vijana wawili wakataka tuuandike upya kwa Go.

Hoja zao zilikuwa na uzito. Go, iliyotoka Google mwaka 2009, ilibuniwa kwa ajili ya kazi nyingi zinazokwenda kwa wakati mmoja, na kompaila yake hukamata makosa mengi kabla programu haijaanza kazi. PHP ilianza kama zana ndogo za Rasmus Lerdorf za kuendesha ukurasa wake, akazitoa kwa umma mwaka 1995. Lakini ina tabia niliyoiheshimu: kwa kawaida kila ombi huanza upya, na likiisha husahau yote. Moja likianguka, mengine huendelea. Programu ya Go hukaa hai muda wote, na hitilafu moja isiyodhibitiwa huweza kuizima nzima.

Mkubwa wetu, tuliyemwita Kaka, ndiye aliyeuandika mfumo ule karibu wote, kwa miaka tisa. Kikaoni alinyamaza hadi mwisho, ndipo akauliza, “Ukizima saa nane usiku, atapigiwa nani?”

Hatukujibu. Miaka yote alipigiwa yeye. Kuchagua Go kulikuwa kumrudisha darasani mbele ya wadogo zake; kubaki na PHP kulikuwa kuwaambia vijana waache ujuzi wao mlangoni.

Uamuzi ulikuwa wangu. Nikaomba tupime kwanza. Muda mwingi ulipotelea kwenye hifadhidata: jedwali la malipo halikuwa na faharasa, likasomwa lote kila mara. Kaka na kijana mmoja wakaiongeza jioni ileile.

Mfumo ukabaki PHP. Go tukaipa sehemu moja, ya kupokea taarifa za malipo, kwa sharti kwamba anayeijua afundishe, na zamu ya simu ya usiku iwe ya wote. Kijana wa pili hakuridhika. Baada ya miezi mitatu akaondoka, na pengo lake tuliliona.

Kaka alijifunza taratibu, akilalamika kwamba Go haiishi kuuliza kama kuna kosa. Baada ya usiku wake wa kwanza bila zamu, alituambia alizima simu akalala mapema. Saa nane aliamka vilevile.