Springi na Magurudumu ya Trela

Mimi na mwalimu mwenzangu tulipoazimia kuunda trela la kuchukulia hema, maji na vyakula mpaka Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, shauri la kwanza lilikuwa springi. Mwenzangu alipenda zilizoviringwa, kwa kuwa ni laini. Mimi nilipenda za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Zilizoviringwa zahitaji vyuma vingine vya kuishika ekseli, na vyombo vya kutuliza mtikisiko. Za mabamba huishika ekseli zenyewe, na msuguano wa mabamba hupunguza kurukaruka. Tena fundi yeyote wa njiani aweza kuzitengeneza. Mwenzangu akakubali kwa sharti moja: mabamba yasizidi, maana springi ngumu mno huurusha mzigo na kuvunja vyombo.

Kwa habari ya magurudumu hatukubishana. Tulichagua ya kipimo kile kile cha gari letu, yenye matundu ya bolti sawasawa, tukaukata ekseli kwa upana ule ule, ili trela lifuate mapito ya gari. Hivyo gurudumu moja la akiba lafaa pande zote mbili. Baada ya Baragoi njia ilikuwa mawe matupu, maji yalikuwa haba, na msaada ulikuwa mbali. Tahadhari kabla ya hatari.