Lazima au Yawezekana? Fumbo la Mantiki kwa Raia

Leo nakuletea fumbo. Usilipite haraka ukidhani ni mchezo wa watoto, kwani kwa miaka mingi mafumbo ya namna hii yalisaidia kuamua nani aingie na nani asiingie katika vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada. Mtihani wenyewe huitwa LSAT, nao ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Hadi mwaka 2024, sehemu yake moja iliwapa watahiniwa mafumbo manne na dakika 35 za kuyafumbua. Hapakuwa na kifungu cha sheria cha kukariri. Palikuwa na masharti machache, na maswali juu ya yale yanayotokana na masharti hayo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Rusizi, wala si mwanasheria. Hata hivyo hutunga mafumbo ya aina hii na kuyaingiza darasani. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na wanafunzi wetu wengi walikijua kabla ya hapo, kwa kuuza na kununua katika soko la Kamembe na kwa kuzungumza na jirani zetu wa Bukavu. Lakini lugha ya kupatana bei haitoshi. Raia anahitaji lugha ya kupimia hoja.

Basi sikiliza. Abunzi, yaani wapatanishi wa akagari fulani, wana kesi tano za kusikiliza kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kesi moja kila siku: ya shamba, ya ukuta, ya deni, ya mbuzi na ya urithi. Masharti ni matatu. La kwanza, kesi ya urithi isikilizwe Jumatano. La pili, kesi ya deni itangulie kesi ya mbuzi. La tatu, kesi ya shamba na kesi ya ukuta zisikilizwe katika siku mbili zinazofuatana, yoyote kati yake ikitangulia. Je, kesi ya mbuzi yaweza kusikilizwa Alhamisi?

Wanafunzi wengi hujibu kwamba yaweza, kwa kuwa hakuna sharti linaloitaja Alhamisi. Hebu tujaribu. Mbuzi akiwekwa Alhamisi, na urithi uko Jumatano, zinabaki Jumatatu, Jumanne na Ijumaa. Shamba na ukuta zinahitaji siku zinazofuatana, hivyo zitachukua Jumatatu na Jumanne. Deni litabaki na Ijumaa, baada ya mbuzi, na sharti la pili litakuwa limevunjwa. Kwa hiyo haiwezekani.

Ona yaliyotokea. Sharti la kwanza peke yake halikuizuia Alhamisi, wala la pili, wala la tatu. Yalipokutana ndipo yalipoizuia. Hivyo ndivyo sheria za nchi zinavyopaswa kusomwa. Anayekuonyesha kifungu kimoja na kukuficha vingine hajakusomea sheria.

Funzo la pili limo katika maneno madogo: kila, tu, ikiwa, isipokuwa. Huku kwetu raia hupata kitambulisho cha taifa afikapo miaka 16, na haki ya kupiga kura afikapo miaka 18. Mpiga kura anatakiwa awe na kitambulisho. Je, kila mwenye kitambulisho ni mpiga kura? La, kwa maana kijana wa miaka 17 anacho kitambulisho, na kura hana. Sentensi hizo mbili zinafanana kwa sura kama mapacha, lakini moja ni kweli na nyingine ni uongo. Ukizigeuza bila kuangalia, utampa mtu haki asiyo nayo, au utamnyima aliye nayo.

Na hapo ndipo fumbo linapotoka darasani. Miaka michache iliyopita, katika mtaa mmoja si mbali na ninapoishi, mbuzi wa mama mjane aliibwa usiku. Asubuhi nyayo zilionekana katika njia iteremkayo ziwani Kivu. Kijana mmoja mbeba mizigo alikuwa ameonekana akipita njia hiyo alfajiri. Watu wakakusanyika, sauti zikapanda, na mzee mmoja akatoa methali: lisemwalo lipo. Hoja yao ilikuwa hii: mwizi alipita njia ya ziwani, huyu naye alipita njia ya ziwani, basi huyu ndiye mwizi. Baadhi walikuwa wameshaokota fimbo.

Mwanamke mmoja, muuza sambaza, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na mimi je? Nilipita njia hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Na nyinyi wavuvi?" Ukimya ukaingia. Hakuwa amethibitisha kwamba kijana hakuiba. Alikuwa amewaonyesha kwamba walichokiita lazima kilikuwa yawezekana tu. Fimbo zikashushwa, na shauri likapelekwa kwa viongozi. Mwizi hakujulikana hadi leo. Kijana bado anabeba mizigo, na miguu yake ni mizima.

Katiba yetu inasema kwamba mtu anahesabika hana hatia mpaka mahakama yenye mamlaka imtie hatiani. Kanuni hiyo huwalinda watu wasiadhibiwe kwa jambo linalowezekana, kabla halijathibitishwa. Muuza sambaza yule huenda hajaisoma Katiba, lakini alifikiri kama mtu anayeiheshimu.

Kuhusu mtihani wenyewe, habari yake ina funzo la mwisho. Mwaka 2011, mtahiniwa mmoja asiyeona wa jimbo la Michigan alikishtaki Chama cha Wanasheria cha Marekani (ABA). Alidai kwamba mafumbo yale yalimbagua, kwa kuwa watahiniwa hufundishwa kuyafumbua kwa kuchora michoro. Mwaka 2019 mashauri ya namna hiyo yalimalizwa kwa makubaliano, na kuanzia Agosti 2024 sehemu ile imeondolewa. Mahali pake pamewekwa maswali zaidi ya kupima hoja zilizoandikwa. Kipimo cha akili kilikuwa kimegeuka kuwa kipimo cha macho, na aliyeumia alikuwa na haki ya kusema.

Kwa sababu hiyo mafumbo yangu huyasoma kwa mdomo, taratibu, mara tatu, na mwanafunzi huruhusiwa kuyafumbua kwa kalamu, kwa kokoto au kwa kichwa kitupu.

Nawe, msomaji, nakuachia swali moja. Rudi kwa wale abunzi na masharti yao matatu. Ikiwa kesi ya ukuta itasikilizwa Ijumaa, kesi ya mbuzi itasikilizwa siku gani? Usikisie. Fika mahali ambapo waweza kumwambia jirani yako: ni lazima iwe siku hii, na sababu ni hizi. Kisha, siku utakapoitwa kwenye mkutano wa mtaa na kuambiwa kwamba fulani bila shaka ndiye, uliza swali lile lile: ni lazima, au yawezekana?