Amana ya Motokaa Kuukuu

Watu wakisikia kwamba mwalimu wa chuo cha Kurani ataka kuandika habari za springi za motokaa, hutabasamu, kwa kuwa wamezoea kumwona na msahafu na ubao, si na spana na grisi. Lakini hapa kwetu Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, nyumba nyingi hupata riziki yake kwa gari la mzigo, ama kwa kulimiliki, ama kwa kulipakia. Kitu kinacholisha nyumba kinastahili kuzungumzwa na watu wa nyumba. Tena mimi kabla ya kuanza kusomesha nilikuwa msaidizi wa fundi mjini Morogoro, na elimu niliyoipata uvunguni mwa magari yanifaa hata leo.

Kwa wasioijua nchi yetu, vilele vya milima hii vyapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huko juu, upande wa Mgeta, ndiyo iotayo kabichi, karoti, njegere na viazi vinavyouzwa Morogoro na Dar es Salaam. Mboga hizo hutoka Nyandira na Langali, zikateremshwa kwa njia ya mizunguko mpaka Sangasanga kwenye barabara kuu. Katika miteremko ile gari lililojaa hulemea mbele, na katika kila kona hulemea upande. Kinacholizuia lisianguke ni vyuma vichache ambavyo abiria havioni, wala hana habari navyo.

Pikapu ninayotaka kuisimulia ni Toyota Hilux iliyotengenezwa mwaka 1994. Ni mali ya dada yangu, naye aiendeshaye ni mwanawe. Sisi Waluguru twahesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa hiyo mjomba huwa na neno katika mambo ya wapwa zake. Basi Alhamisi moja jioni mpwa wangu aliisimamisha mbele ya nyumba yangu, nami nikaona imeinama upande wa kushoto nyuma, kama mtu mwenye mguu mbovu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Gari lina nini?”

“Springi imechoka kidogo. Naifunga kwa mpira wa tyubu, Jumamosi nakwenda Nyandira.”

Nilichukua tochi nikaingia uvunguni. Bamba kuu la springi, lile la juu lenye macho mawili ya kupitisha bolti, lilikuwa na ufa kando tu ya pale linapobanwa na ekseli. Ufa wenyewe ulikuwa na mstari wa kutu, dalili ya kuwa si wa siku hiyo. Bushi za mpira zilikuwa zimeliwa hata chuma kikigonga chuma. Nilipoibonyeza pembe ya gari kwa uzito wangu kisha nikaiachia, ilipanda na kushuka mara nne ndipo ikatulia. Shokapu iliyo nzima huituliza mara moja.

Kijana alikuwa na haja yake. Mama mmoja mfanyabiashara wa mboga alikwisha kumpa arbuni kwa safari ya Jumamosi, na sehemu ya fedha ile ilikwisha kununua mbolea ya shamba la mamaye. Dada yangu naye alimwunga mkono mwanawe. “Kaka,” aliniambia, “magari yote yapandayo huko yamefungwa mipira. Kwa nini letu tu ndilo lilale?” Ni swali zito, na halijibiwi kwa ukali. Lilitaka maelezo, nami nikawapa kama nitakavyowapa ninyi.

Springi ni chuma chenye subira. Mwaka 1678 mtaalamu wa Kiingereza aitwaye Robert Hooke alieleza kanuni ya kwamba springi hujikunja kwa kadiri ya uzito iliyowekewa. Uzito ukizidi maradufu, nako kujikunja huzidi maradufu. Lakini kanuni hiyo ina mpaka wake. Uzito ukipita kiasi, chuma hakirudi tena kama kilivyokuwa. Na hata kama haukupita, kujikunja na kujikunjua mara nyingi mno hukichosha, na uchovu huo huanza kwa ufa mdogo usioweza kuonekana kwa macho. Kila shimo la njia huongeza ufa, mpaka siku moja bamba hukatika kwa ghafula.

Sasa, katika gari la namna hii springi ya nyuma ina kazi mbili. Ya kwanza ni kubeba mzigo. Ya pili ni kuishika ekseli mahali pake. Bamba kuu likikatika, ekseli ya upande ule yaweza kurudi nyuma au kukaa mshazari, na gari likaelekea pale ambapo dereva hakulielekeza. Kwenye tambarare dereva aweza kuponea kando ya njia. Kwenye kona ya mlimani hakuna kando. Vipande vya tyubu hukusanya mabapa yasitawanyike na hupunguza makelele, lakini mpira hauwezi kuishika ekseli wala kuunga chuma kilichopasuka. Anayefunga mpira juu ya ufa amejifunika macho yake mwenyewe, na ya abiria wake pia.

Nikamwuliza mpwa wangu, “Yule mama atakaa wapi katika safari hiyo?” Akajibu kwamba atakaa juu ya magunia yake pamoja na wenzake wawili, kama desturi ilivyo. Nikamwambia, “Basi hukupokea nauli tu. Umepokea na roho tatu, nazo ni amana.” Alinyamaza. Dada yangu naye alinyamaza, kisha akauliza vipuri vyagharimu kiasi gani.

Fedha taslimu hatukuwa nazo. Tuliuza mbuzi wangu mmoja, dada akatoa akiba yake ya kikoba, tukanunua mabamba makuu mawili, bushi mpya, shokapu mbili, na yubolti nne, yaani zile bolti zilizokunjwa mfano wa kiatu cha farasi, zinazoibana springi kwenye ekseli. Msinishangae kununua kwa pande mbili ilhali ufa ulikuwa upande mmoja. Springi mbili za ekseli moja hubeba pamoja. Ukiweka changa huku na kongwe kule, gari litainama, na ile kongwe itakufa upesi.

Jambo gumu kuliko kazi ya chuma lilikuwa kumwendea yule mama. Nilimtaka kijana aende mwenyewe, amweleze aibu ya gari bila kuipunguza, amrudishie fedha iliyobaki na kumwahidi siku ya kulipa nyingine. Alikwenda. Alirudi uso umemshuka, kwa kuwa yule mama alimsema sana, kisha akatafuta gari jingine. Sikumlaumu mama huyo, maana mboga hazingoji. Deni lake lililipwa lote kabla ya mwezi kwisha.

Kazi tuliifanya nyumbani, penye ardhi ya tambarare, tangu baada ya sala ya Ijumaa mpaka Jumamosi jioni. Naieleza kwa mpango wake, kwa faida ya vijana.

Kwanza tuliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, tukalegeza nati za magurudumu ya nyuma yangali chini. Kisha tukainua gari kwa jeki na kuweka stendi za chuma chini ya chesesi, kwa maana jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Msilale kabisa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililoegeshwa juu ya matofali, kwa kuwa tofali hupasuka bila kutoa habari. Jeki ikabaki kuishika ekseli tu.

Pili tulizilowesha nati zote kwa mafuta, tukaziacha usiku kucha zinywe. Asubuhi tulizisafisha kwa brashi ya waya, tukafungua shokapu, kisha yubolti, kisha kikuku kinachoning'iniza springi kwa nyuma, na mwisho bolti ya mbele. Ekseli tuliishusha kidogo kidogo, tukiangalia mpira wa breki usivutwe. Springi ni nzito, tuliishusha watu wawili.

Tatu, bushi kuukuu zilizogandamana na kutu tulizikata kwa msumeno wa chuma, kwa uangalifu tusilichanje jicho la springi, maana mchanjo mdogo leo ndio ufa wa kesho. Bushi mpya tuliziingiza kwa kuvutwa na bolti ndefu na vipande vya bomba, hatukutumia nyundo. Kisha tukayapanga mabapa juu ya bolti ya katikati, na kichwa cha bolti hiyo tukakiingiza sawasawa katika tundu lake kwenye ekseli, kwa kuwa ndicho kinachoiweka ekseli mahali pake.

Nne, yubolti tulizikaza kwa zamu, mshazari kwa mshazari, kidogo kidogo. Lakini bolti za macho ya springi, zile zipitazo ndani ya bushi, hatukuzikaza mwisho mpaka tulipolishusha gari chini likasimama kwa miguu yake. Neno hili wengi hawalijui. Ukizikaza wakati springi inaning'inia, mpira wa bushi hufungwa katika hali ya kuning'inia. Likishuka gari, mpira hubaki umesokotwa, na kabla ya siku nyingi huchanika. Hapana budi kwanza kibebe uzito wake wa kawaida, ndipo kikazwe.

Tano, baada ya mwendo mfupi tulizikaza tena yubolti, kwa kuwa vyuma vipya hukaliana na kulegea kidogo.

Mpwa wangu aliuliza kama haikuwa heri kuongeza bamba moja zaidi ili gari libebe zaidi. Nikamwambia kwamba bamba likiongezwa, gari halitainama, lakini breki hazikuongezwa, tairi hazikuongezwa, wala ekseli na chesesi. Gari hilo hubeba tani moja hivi. Ukilizuia lisiinama utakuwa umelinyang'anya ulimi wa kusema kwamba limelemewa.

Mwezi uliofuata yule mama alikuja mwenyewe nyumbani kwa dada. Hakusema habari za yaliyopita. Alifunga kanga yake vizuri, akainama akachungulia chini ya pikapu kwa kitambo, ndipo akauliza nauli ya Nyandira siku hizi ni kiasi gani. Kijana akamtajia, tena akamwambia kwamba atachukua magunia machache kuliko zamani, na kwamba mwenye mzigo atakaa mbele, si juu ya magunia. Mama akapunguza nauli kwa sababu ya uchache wa magunia, wakabishana, wakapatana. Faida ya safari ile ilikuwa ndogo kuliko za kale. Dada yangu aliihesabu mara mbili, akaiweka katika kopo bila kulalamika.

Enyi vijana, msiidharau kazi ya mikono. Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alifunzwa kutengeneza deraya za chuma, naye alikuwa mfalme. Nanyi kina mama wenye kupakia mboga na kupanda magari ya mlimani, msione haya kuuliza gari limekaguliwa lini, na kuinama kuchungulia. Dereva mwema hatachukia. Na wewe mwenye gari kuukuu, ukuukuu si aibu, maana vyuma vya kale vikitunzwa hufanya kazi miaka mingi. Aibu ni kuujua ufa, ukaufunga mpira, ukasema “panda, twende.”

Mwenyezi Mungu awafikishe salama wote wasafirio usiku huu katika njia za milimani, na awape madereva wao macho ya kuona. Amin.