Nyayo za Mama Ambazo Hatukuzitazama

Mama yetu alianza kulalamikia miguu yake mwezi wa Rajabu, mwaka juzi. Alisema vidoleni mwake ni kana kwamba siafu wanatembea, na usiku nyayo humwaka moto hata akalitupa shuka. Sisi wanawe wanne, tuliotawanyika baina ya Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, tulimjibu kama watoto wengi wanavyowajibu wazazi wao: "Ni umri, Mama, na hiyo sukari yako." Kisha tukafanya jambo tulilolihesabu kuwa wema. Kila mmoja wetu akaingia duka la dawa lililo karibu naye, akaulizia vitamini za mishipa ya fahamu, akanunua na kutuma.

Mama alizipanga chupa zetu dirishani, karibu na msala wake. Alimeza kutoka kila chupa kila siku, akimwombea dua aliyeileta. Hakuthubutu kuiacha hata moja, asije mmoja wetu akaona kimetupwa cha kwake.

Ikaingia Ramadhani. Usiku mmoja, baada ya tarawehe, alichemsha maji akayatia karaini ili aikande miguu. Kulipokucha aliswalisha wajukuu zake wa kike, naye amesimama katikati ya safu kama ilivyo ada. Mjukuu mdogo, aliyechelewa na kubaki nyuma, alimtazama bibi yake akiwa katika sijida, akaona malengelenge yametanda nyayo zote mbili. Mama mwenyewe hakuwa na habari. Maji yalimuunguza, naye akayaona kuwa ni vuguvugu.

Tulipompeleka hospitali, daktari alitutaka turudi nyumbani tukalete kila anachomeza, mitishamba nayo isisahauliwe. Alimwomba Mama afumbe macho, akawa anamgusa nyayo kwa uzi mwembamba wa plastiki, ili aseme kila anapohisi. Uzi uligusa hapa na pale, Mama akabaki kimya. Tulikuwa tumesimama kando ya kitanda, na kimya kile kilituelemea.

Kisha akazimwaga chupa zetu mezani. Mbili zilikuwa na vitamini B6 kwa wingi, nasi hatukujua kwamba vitamini hiyo ikizidi sana kwa muda mrefu huweza yenyewe kudhuru mishipa ya fahamu na kuleta ganzi ileile tunayoikimbia. Nyingine mbili zilikuwa za kuongeza damu, zenye asidi ya foliki. Hiyo huweza kuirekebisha damu ya mtu aliyepungukiwa na vitamini B12, upungufu usitambulike mapema, huku mishipa ikiendelea kuharibika.

Akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa na jawabu lake: Mama anatumia metformini tangu lini? Mama ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Tangu alipofariki baba yao. Miaka 11."

Daktari akatufahamisha. Metformini ni dawa njema ya kisukari, lakini kwa baadhi ya watu, ikitumika miaka mingi, hupunguza uwezo wa mwili kufyonza vitamini B12 kutoka katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Kwa kuwa ini huweka akiba ya kutosha miaka kadhaa, upungufu huja polepole, na dalili zake hufanana na zile ambazo kisukari chenyewe huzileta miguuni. Ndiyo maana husingiziwa sukari. Kipimo cha damu kilithibitisha kuwa B12 ya Mama ilikuwa chini mno.

Chupa zetu zikawekwa kando. Mama akaanzishiwa sindano za B12, na usiku akapewa amitriptilini kwa kiasi kidogo. Tulielezwa wazi kwamba dawa hii hutuliza moto wa mishipa bali haiiponyi, na kwamba huweza kuleta usingizi na kukausha kinywa, kwa hiyo anapoamka kutawadha asiinuke kwa pupa. Metformini hakuiacha, kwani kuiacha bila ushauri kungeipandisha sukari, na sukari ndiyo adui mkubwa wa mishipa hiyo.

Alhamdulillah, vidonda vilipona baada ya wiki nyingi. Moto wa usiku umepungua, na siafu wamehama vidole vya mikono. Ganzi ya nyayo imebaki, na daktari hakutuficha kwamba huenda isiondoke yote, kwa kuwa tulichelewa.

Ndugu zetu wasomaji, Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza tujitibu, na kujitibu huanza kwa kujua maradhi yenyewe. Mzazi akisema anahisi ganzi au kuchomwachomwa, msikimbilie dukani. Mpelekeni akapimwe, pamoja na dawa zake zote, na aliyetumia metformini miaka mingi mwulizieni kipimo cha B12. Maji ya moto yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwenye hisia kamili. Baada ya udhu, miguu ikaushwe vyema, hasa baina ya vidole.

Tangu madrasa tulifundishwa kwamba pepo imo chini ya nyayo za mama. Tuliisema kauli hiyo harusini na misibani, wala hatukuwahi kuziinua nyayo hizo tuone zina nini. Siku hizi, kila baada ya Isha, anayekuwapo nyumbani humkalisha Mama kitini, huchukua taa, hupiga goti na kuzitazama nyayo zake moja baada ya moja. Mama hucheka, husema tunamtekenya. Nasi humwuliza: wapi, Mama? Unahisi wapi?