Shajara ya Mwali wa Mtaa wa Sikukuu

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Shangazi ameshuka leo kutoka Tanga na gunia la machungwa. Maoni alianza kuyatoa kabla hajavua viatu. Alinigeuza mbele, akanigeuza nyuma, kisha akamwambia mama, nami nimesimama palepale: "Wifi, tuna wiki tatu tu. Huyu tutamfanyaje?"

Namwelewa. Bwana harusi ni mrefu, maji ya kunde, na ana kope ambazo wasichana wa Kariakoo wanazinunua kwa pakiti. Mimi ni mweusi, mnene, na meno ya mbele yamepandana. Siku ya posa wajomba zake walianza kumpongeza binamu yangu. Binamu akapokea pongezi zote bila haya.

Baada ya magharibi shangazi akatoa kopo lisilo na jina. Mkorogo. Kaununua leo leo, akipita Mtaa wa Kongo, kwa "mama mmoja hodari sana". Nikauliza una nini ndani. "Una dawa." Hiyo dawa ndiyo inayonitisha. Serikali ilishapiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni, lakini marufuku haijui kupanda ngazi za maghorofa ya Kariakoo. Waliojikorogea tunawaona kila siku, uso Fanta, vidole Coca-Cola.

Nimemwambia tutazungumza kesho. Kopo liko juu ya kabati.

Jumanne, 8 Oktoba

Kazini hakuna mzigo uliotoka. Mfumo umegoma tangu asubuhi, madereva wamelala chini ya malori, na bosi anatembea huku na huku kana kwamba mwendo wake ndio utakaoufufua. Miaka mitatu ya fasihi pale Mlimani, na leo nagonga mihuri kwa wakala wa forodha, Sokoine Drive. Sina kinyongo. Ila siku kama hizi hadithi za darasani hunirudia, na leo amenirudia Bibi Ragnelle.

Kisa chake kiliandikwa Uingereza karibu mwaka 1450, na aliyekiandika hakuacha jina. Mfalme Arthur yuko peke yake katika msitu wa Inglewood, anawinda. Anatokewa na bwana mmoja mwenye silaha, Gromer Somer Joure, ana kisasi cha ardhi yake iliyochukuliwa. Badala ya kumuua mfalme palepale anampa mwaka mmoja alete jibu la swali: wanawake wanataka nini kuliko vyote? Akikosa, kichwa. Arthur na mpwa wake Gawain wanazunguka nchi, kila mmoja na daftari lake, wanauliza watu na kuandika. (Profesa wetu alituambia huo ndio utafiti wa nyanjani mbovu kuliko wote, maana waliuliza kila mtu ila hawakujua pa kuishia.) Madaftari yakajaa. Jibu likakosekana.

Ndipo anapotokea Ragnelle juu ya farasi aliyepambwa kwa dhahabu. Uso mwekundu, pua inachuruzika, mdomo mpana, meno ya njano yaliyoning'inia juu ya midomo. Jibu analo, ila bei yake ni kuolewa na Gawain, kijana mzuri kuliko wote wa ikulu. Gawain anakubali bila kupepesa, kwa ajili ya mjomba.

Ninachompendea huyu mama ni harusi. Malkia anamsihi ndoa ifungwe alfajiri, kimyakimya, watu wasione. Anakataa katakata. Anataka mchana, mbele ya kila mtu, na karamu ukumbini. Kwenye karamu anakula peke yake chakula cha watu sita. Kuku wa kunona watatu, ndege sululu watatu, na manyama ya kuoka, anayachana kwa kucha zake. Watu wameacha kula, wanamtazama. Yeye hana habari nao.

Nimemtumia mchumba ujumbe wa sauti: "Wanawake wanataka nini kuliko vyote? Una mpaka Ijumaa. Ukikosa nakata kichwa." Akajibu: "Sawa, mama. Naweza kuuliza watu?"

Ijumaa, 11 Oktoba

Ameuliza watu. Amekuja na daftari la zamu, nyuma kaandika majibu kwa kalamu nyekundu. Yeye anaendesha kreni pale bandarini na anaishi Kigamboni, kwa hiyo ameuliza gatini na amewauliza abiria wenziwe kwenye pantoni.

Fundi wa kreni mwenzake: hela ya matumizi isiyofuatwa na maswali.

Kuli mmoja kijana: mume asiye na mama. (Alipoulizwa kama na yeye ana mama, akasema hilo ni swali lingine.)

Dereva wa lori anayesubiri mzigo wa Lubumbashi: wanataka mwanamume anayerudi nyumbani. Kisha akanyamaza, akaomba jina lake lisiandikwe.

Mzee kwenye pantoni: kiwanja chenye hati, na hati ina jina lake yeye mwanamke.

Mama muuza samaki, Feri: alicheka mpaka akakalia ndoo, akamwambia, "Wewe mjinga, kamuulize huyo huyo aliyekutuma."

Nikamwambia mama wa Feri amekaribia kuliko wote. Jibu la Ragnelle ni kwamba mwanamke anataka mamlaka, aamue yeye. Mchumba akafikiri kidogo. "Basi hata mimi nataka hivyo hivyo," akasema. "Mbona mimi hawaniulizi?" Hilo sikuwa na jibu lake. Hata yule mwandishi hakuwa nalo.

Akataka kujua iliishaje, ile ndoa. Nimemnyima. Nimemwambia mwisho atausikia akishanioa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya Nyerere, ofisi zimefungwa, basi wamenianza singo. Liwa, karafuu, waridi lililokaushwa, vyote vimesagwa na kuchanganywa na marashi, nami nimekaa mkekani katika chumba cha uani cha bibi nimejifunga kanga moja. Somo, kungwi wangu, anasugua kwa nguvu za mtu anayedai deni. Huku anasugua, anaghani. Utendi wa Mwana Kupona anao kichwani beti nyingi, bila kusoma.

Mwana Kupona binti Msham aliutunga utendi ule mwaka 1858, mgonjwa, kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima. Una beti 102. Marehemu mumewe alikuwa Bwana Mataka wa Siu, yule aliyemsumbua Sayyid Said. Shuleni tulifundishwa kuuchukia: usitoke bila ruhusa, mpepee akilala, jifukize, jitie wanja na hina, usikae shingo tupu. Alice Werner na William Hichens walipouchapa mwaka 1934 walikiita kitabu wosia wa wajibu wa mke, na tangu hapo wengi wetu tunaona wajibu tu. Leo nikisuguliwa nimesikia kitu kingine. Kila pambo lina jicho la mume mwisho wake, hilo siwezi kulikana. Lakini anayesema tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho ni mwanamke, anajitaja jina, anajua anakufa, na hakuna mwanamume anayemkatiza. Mwana Hashima ndiye ambaye hatumsikii. Ningelipa kusoma majibu yake.

Yuko mwingine asiyesikika. Katika utendi wa Fumo Liyongo, ule wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, Wagala wanamwona Liyongo alivyo jitu, wanaomba wapate mbegu yake, na anaozwa msichana wa kwao. Mimba, mtoto wa kiume, basi. Mtoto akakua, akaja kumuua baba kwa sindano ya shaba kitovuni. Bibi harusi hana hata jina. Hatujui kama alijiona mzuri, kama alimwogopa yule bwana, kama alicheka alipoambiwa sababu ya ndoa yake. Mimi nadhani alicheka. Mtu yeyote angecheka.

Nikamuuliza somo Mwana Kupona angesema nini juu ya mkorogo. Akaacha kusugua. "Mkorogo gani?" Nikamwonyesha kopo. Alilifungua, akalinusa, akaenda nalo chooni bila kusema neno, na choo chetu tangu hapo kimetakata ajabu. Shangazi na somo hawasemeshani. Wamegawana: mmoja anakula sebuleni, mwingine uani.

Alhamisi, 17 Oktoba

Fundi wa Mtaa wa Aggrey amenipima gauni. Limegoma kufunga kiunoni. Anasema gauni halina kosa. Nimeuziwa mkanda wa kubana tumbo, una vifungo vya chuma. Nikiufunga naweza kusimama na naweza kusalimia. Kukaa, kucheka na kula haviwezekani. Muuzaji ananiambia bibi harusi hana haja navyo.

Jumamosi, 19 Oktoba, usiku sana

Kitchen party imekwisha salama, ukumbi wa Ilala, sare za kitenge cha zambarau. Niliingizwa nimefunikwa, somo mbele, shangazi nyuma, hawasemeshani. Mpambaji alikuwa amenifanyia kazi mchana kutwa. Nilipofunuliwa MC akapiga ukelele: "Mwali wetu katakata!" Ukumbi ukalipuka vigelegele. Nilijitazama kwenye simu ya binamu. Alikuwa dada mmoja mweupe, mzuri sana, kope ndefu kuliko za mchumba wangu. Sijawahi kukutana naye.

Mawaidha yalifuata. Mama mmoja alisema mume usimwonyeshe hasira. Aliyemfuata akasema mume asiyeiona hasira yako atakuzoea vibaya. Wa tatu alisema siri ya ndoa ni chapati, na huyo nilimwamini kwa kuwa alieleza unga kiasi gani na maji ya vuguvugu kiasi gani. Nimepata sufuria, hotpoti, blenda, na friji kutoka kwa wafanyakazi wenzangu, ambao nimewasamehe mengi kwa ajili ya hiyo friji.

Pilau ilipita mbele yangu mara nyingi. Mwali hali. Mwali anainamisha macho. Nilimkumbuka Ragnelle na kuku wake watatu, machozi yakanijia, akina mama wakadhani nawaza kuagana na nyumbani. Wakatunza hela zaidi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nikahi imesomwa baada ya swala ya Ijumaa, msikitini. Kabla ya hapo baba alikuja chumbani na mashahidi wawili kuniuliza kama naridhia aniozeshe, na mahari yangu ni nini. Desturi ya kwetu msichana ananong'ona, au ananyamaza, na kunyamaza kunahesabiwa. Mimi nilijibu kwa sauti ya kuita dereva wa lori: naridhia, na mahari yangu ni shilingi laki tano taslimu na kabati la vitabu lenye milango ya vioo. Shangazi alinifinya paja. Shahidi mmoja aliuliza, "La vitabu?" Baba akasema, "Andika."

Jioni ukumbini bwana harusi alifika kunifunua shela. Alinitazama. Akasogea sikioni: "Dada, samahani. Mke wangu yuko wapi?" Nikacheka, na kifungo kimoja cha mkanda kikaruka. Kilitua kwenye meza ya wazee wa Tanga.

Basi, kilichobaki kilikuwa rahisi. Nikaenda msalani na binamu, tukaufungua ule mkanda, tukauacha hukohuko, gauni tukalishikiza kwa pini chini ya mtandio. Nikarudi jukwaani, nikaomba sahani. Shangazi alikuja mbio kunizuia na somo akamzuia yeye. Ndiyo mara ya kwanza wamegusana tangu siku ya kopo. Nilikula pilau, nikala paja la kuku kwa mkono, na mpiga picha, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiniambia niinue kidevu, safari hii alipiga tu.

Usiku mume wangu alidai mwisho wa hadithi. Nikampa. Kitandani Ragnelle anageuka mwanamke mzuri kuliko wote, kwa sababu mama wa kambo ndiye aliyemroga. Lakini Gawain lazima achague: awe mzuri usiku kwa ajili yake, au mchana mbele za watu. Gawain anawaza, anashindwa, anamwambia achague mwenyewe. Kwa neno hilo uchawi unavunjika.

"Chagua mwenyewe," akasema mume wangu haraka haraka. Kisha akanishika kidevu akanigeuzia kwenye taa. "Lakini hii inatoka?"

Kwa sabuni ile rangi ya uso haikutoka. Ilitoka kwa mafuta ya nazi na taulo jeupe la mama mkwe, na tulikuwa bado tunafuta ilipoadhiniwa alfajiri. Sikumwambia kwamba Ragnelle aliishi na Gawain miaka mitano tu, akafa, na kwamba kisa kinasema Gawain alioa wengine lakini hakumpenda yeyote vile. Hilo nitamwambia kabati likija.

Jumatano, 6 Novemba

Picha zimetoka. Mama mkwe amechagua ya kutundika sebuleni, Kigamboni: yule dada mweupe, kidevu juu, mkono umewekwa juu ya mkono. Ni picha nzuri, na jana jirani aliyekuja kutupongeza aliitazama, akanitazama mimi nikimletea chai, akauliza bibi harusi atarudi lini.

Mume wangu ananiangalia niamue. Ile ya kuku nimeipeleka Kariakoo ikakuzwe, na fundi wa fremu ameniuliza mara mbili kama nina hakika ni hii. Mama mkwe anasema itatosha kuwekwa chumbani. Nimemwambia, "Mama, chumbani kuna mimi mwenyewe." Tumeitundika juu ya televisheni.