Kipi Kitangulie?

Jioni watoto wa kwaya huja nyumbani kwangu, hapa Kindu, kusikiliza nyimbo za Kanisa. Nalitaka wajifunze Missa Luba, ile Misa ya Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Kamina, iliyoimbwa mara ya kwanza mwaka 1958. Lakini vyombo vyangu vilikoroma. Mtoto mmoja akauliza: “Mwalimu, wanaimba au wanalia?” Naliona haya.

Akiba yangu ilitosha kitu kimoja tu. Moyo ulitamani ampli ya wati 100 badala ya ile ya 50. Mama watoto akasema: “Baba Petro, wataka watoto wasikie, au watu wa Alunguli ng’ambo ya mto?” Sikujibu.

Nikaenda kwa fundi. Akanieleza ya kwamba kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na sikio halioni tofauti kubwa. Ili sauti ionekane maradufu, yahitajiwa wati mara 10 hivi. Tena, ampli kubwa ingepeleka mkoromo ule ule mbali zaidi! “Kwanza tumtafute mgonjwa,” akasema, “ndipo tununue dawa.”

Basi tukapima kimoja kimoja. Betri ya sola ilikuwa na nguvu yake. Tukasikiliza kwa vidude vya masikioni: sauti safi, basi kinanda ni kizima. Tukafunga ampli yangu kwenye bafle zake: safi tena. Zikabaki bafle zangu. Tukazifungua, kumbe karatasi za ndani zimelegea kwa unyevu na kupasuka ukingoni.

Nikanunua bafle mbili, si kubwa. Nikaziweka juu ya meza, mbali na kona, zikiwaelekea watoto. Jioni ile walisikia kila neno la Kyrie, nao wakaanza kuitikia polepole. Watu wa Alunguli hawakusikia kitu.

Ndugu zangu, je, si hivyo hivyo tunapojitayarisha kwa kitubio? Mwenye kusali sana aahidi kuongeza sala, lakini ulimi wake wachoma majirani. Twapenda kukuza kilicho kizima, maana chaonekana na kutupa sifa. Kilichopasuka twakifunika kitambaa. Tumwombe Mungu atupe moyo wa kupima kimoja kimoja, na kuanza pale palipo na ugonjwa.