Kikosi cha Kushambulia

Najua ya kuwa kurasa hizi zimezoea habari za kandanda, za midahalo, na za safari za chama cha jiografia. Leo naomba ruhusa niandike habari za vita vya madubwana. Ninyi mliotutangulia katika shule hii huenda mkacheka. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho.

Mchezo wenyewe ni ule wa kompyuta uitwao Pokémon, ulioanza Japani mwaka 1996, na madubwana wake sasa wamepita elfu moja. Kila mchezaji huchagua madubwana sita, na kila dubwana hupewa mbinu nne tu. Wanaokabiliana uwanjani ni mmoja wako na mmoja wa mwenzako. Katika kila zamu, ama wamwamuru wako apige, ama wamtoa na kumwingiza mwingine. Amalizaye sita wa mwenzake ndiye mshindi. Sisi twacheza kwa taratibu za matoleo ya Diamond na Pearl ya mwaka 2006, ambamo huwezi kujua mwenzako kaleta nani mpaka aingie uwanjani.

“Sisi” maana yake ni mimi na kaka yangu. Yeye yuko Dubai, ni mlinzi wa ghala, na huu ni mwaka wake wa tatu. Hapo kwanza tulikuwa tukipigiana simu, lakini tukisha kuulizana hali, na habari za mama, na kama mvua imenyesha, tulibaki kimya kila mtu akingoja mwingine aage. Katika mchezo hatunyamazi. Wakati wa likizo, saa tatu ya usiku kwetu, nayo ni saa nne kwao, tunafungua Pokémon Showdown, ambayo hailipiwi na hukubali hata simu ya bei ndogo, na hapo tunapigana huku tukiandikiana maneno ya kuchokozana mpaka usingizi umshinde mmoja wetu.

Kaka yangu ni mtu wa kujilinda. Ana Skarmory, ndege wa chuma ambaye kumpiga ni kama kupiga jiwe kwa ngumi, na ana Blissey, jimama la waridi ambalo moto na umeme hulitekenya tu. Ukimchosha mmoja, humtoa akamleta wa pili, na wa kwanza akirudi hujiponya. Mimi nilikuwa mtu wa kushambulia. Nilichagua sita wenye nguvu kuliko wote niliowajua, mbele yao Charizard, joka la moto, nikafikiri kazi imekwisha. Nilishindwa mara kumi na moja.

Sababu kubwa ilikuwa mawe. Iko mbinu moja iliyoanza katika matoleo hayo ya 2006, ya kutandaza mawe yenye ncha upande wa adui. Tangu hapo kila dubwana wa adui aingiaye hudungwa. Wa kawaida hupoteza sehemu moja katika nane ya uhai wake. Mwenye kuchukiana na mawe hupoteza robo. Na Charizard, kwa kuwa ni wa moto na tena ni wa kuruka, hupoteza nusu nzima. Nusu, na hajapigwa na mtu! Kaka alikuwa akitandaza mawe katika zamu ya kwanza, kisha akaketi kungoja.

Mnaweza kuuliza, mbona sikumwacha Charizard? Kaka alipokuwa akiondoka alinipa mkoba wake wa shule, nao una picha ya Charizard kwenye mfuniko, imechakaa bawa moja halionekani. Mkoba huo ndio ninaobebea vitabu hata leo. Basi kumtoa katika kikosi kulikuwa kama kumwambia kaka kwamba mkoba wake sikuutaka. Najua ni upuuzi, lakini ndivyo nilivyoona.

Muhula uliofuata sikuwa na simu, kwa kuwa shuleni haziruhusiwi. Nilikuwa na penseli na kurasa za nyuma za daftari la hesabu, na nadhani ndiko nilikojifunza mchezo. Nilianza na mbio, kwa sababu katika kushambulia, apigaye kwanza mara nyingi hapigwi. Kila dubwana hupewa pointi 510 za mazoezi, na zisizozidi 252 katika jambo moja. Mshambulizi hutia 252 katika mbio, 252 katika nguvu, na zilizobaki hazina maana kubwa. Charizard kwa hesabu hiyo hufikia mbio 328. Azelf hufikia 361. Gyarados, nyoka mkubwa wa majini, hufikia 287 tu, lakini akipata zamu moja ya kucheza ngoma ya joka, mbio zake huwa 430, na nguvu zake huongezeka nusu yake vilevile. Niliitazama hesabu hiyo usiku mzima wa maandalio.

Ndipo nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: Gyarados akisha kucheza ngoma yake, ni nani atakayemzuia? Jibu ni Skarmory, kwani humpulizia kimbunga akamrudisha nyuma, na ngoma yote ikawa bure. Basi Skarmory lazima afe kwanza. Nani amwue? Yuko Magnezone, dubwana wa sumaku, ambaye mbele yake mwenye chuma hawezi kutoka uwanjani, na umeme wake ndege yule haustahimili. Na Magnezone aingieje bila kuumizwa? Aingie pale ambapo mwenzake amekwisha kufa, maana dubwana wako akifa humleta mwingine bure, adui asipate kumpiga akiingia. Kwa hiyo mmoja wangu lazima afe mapema kwa makusudi. Miaka yote nilikuwa nikiwaokoa mpaka wote wanakuwa nusu wafu. Sasa nilimchagua Azelf: atandaze mawe, kisha ajilipue.

Nafasi ya sita ilibaki kati ya Charizard na Scizor. Nilifuta na kuandika mpaka karatasi ikatoboka. Nikaandika Scizor.

Jumamosi ya kwanza ya likizo kaka alitanguliza Swampert, nami Azelf. Sote wawili tulitandaza mawe. Zamu ya pili nikamlipua Azelf, naye kaka, kwa kuwa si mtoto, alikuwa amekwisha kumwingiza Skarmory aupokee mlipuko. Hapo ndipo nilipotaka awe. Azelf akafa, Magnezone akaingia, ndege akawa amekwama. Umeme mmoja ukatosha. Kaka hakuandika neno. Akamrudisha Swampert aipige sumaku yangu kwa tetemeko la ardhi, nami nikamwingiza Gyarados, ambaye ni wa kuruka na tetemeko halimpati. Mawe yalimla robo. Akacheza ngoma.

Sitaeleza yote yaliyofuata, kwani Gyarados aliua watatu kisha akafa, na Scizor akamaliza. Jambo lililonishangaza ni Blissey. Kaka alimficha mpaka mwisho, hali angeweza kumtoa mhanga na kumwokoa mwingine. Nilimwuliza alikuwa akimwekea nani.

“Charizard,” akaandika. “Yuko wapi?”

Nikamjibu kwamba nimemwacha nyumbani, yuko kwenye mkoba.

Alikaa kidogo. Kisha akaandika: “Ule mkoba bado upo? Mdogo wangu, nilidhani uliutupa zamani.” Nikaupiga picha juu ya kitanda, bawa lake moja na kamba niliyoshonea, nikampelekea. Tulizungumza mpaka saa saba, habari za ghala, za joto la huko linalomkausha midomo, na za deni ambalo mama halijui. Mengine hayafai kuandikwa hapa.

Kesho yake alitaka kulipiza. Azelf akalipuka, Skarmory akapokea, Magnezone akaingia, nami nikaamuru umeme nikicheka peke yangu. Skarmory akatoka! Akamwacha Swampert aupokee umeme usiomdhuru kitu. Kumbe usiku ule ule alikuwa amempa lile gamba la kujivua, ambalo alibebaye hakamatwi na sumaku. Nilishindwa vibaya, na sasa daftari la hesabu limeanza ukurasa mpya.